Sukari, vibadala vyake na vinywaji vya kila siku: maswali tunayoulizwa mara kwa mara Nairobi

Mimi ni mshauri wa lishe, nafanya kazi Eastlands, na sehemu kubwa ya mazungumzo yangu na watu huishia kwenye kikombe cha chai. Mtu huja akitaka kujua anunue sukari gani, nami humuuliza anatia kiasi gani na ni nani anayekoroga. Haya ndiyo maswali yanayorudi wiki baada ya wiki, pamoja na majibu ninayoyatoa. Kila ninaposema kijiko, ni kile kidogo cha chai kilichosawazishwa, si kilichojaa mpaka kinamwagika njiani. Hicho hubeba takriban gramu 4 za sukari.

Mtu mzima anafaa kula sukari kiasi gani kwa siku?

Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa mwongozo mwaka 2015: sukari huru isizidi asilimia 10 ya nishati yote mtu anayopata kwa siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5. Kwa mtu anayekula kalori 2,000, asilimia 10 ni gramu 50, yaani vijiko 12 hivi. Asilimia 5 ni vijiko 6. Sukari huru ni ile unayoitia wewe, ile iliyotiwa kiwandani, na pia ile iliyo katika asali, sirapu na juisi ya matunda. Sukari iliyomo ndani ya chungwa zima au ndani ya maziwa haiingii katika hesabu hiyo.

Kwetu sukari hutiwa kwenye sufuria. Nitajuaje nimekunywa vijiko vingapi?

Piga hesabu ya sufuria nzima. Asubuhi moja nilikaa kwenye kibanda cha chai karibu na Barabara ya Jogoo nikamtazama mwenye kibanda akipika. Alitia maji, maziwa ya pakiti, majani ya kukadiria kwa kiganja, tangawizi aliyoiponda kwa kitako cha kikombe cha bati, kisha akachota sukari kwa kikombe kile kile, kimejaa. Sufuria ile ilitoa vikombe 16 kabla ya saa tatu. Kikombe cha sukari cha ujazo ule ni gramu 200 hivi, sawa na vijiko 50. Gawanya kwa 16 upate vijiko vitatu na ushei kwa kila mnywaji. Fundi anayekunywa vikombe viwili asubuhi na viwili saa kumi ameshafika vijiko 12 kabla hajagusa mandazi wala soda, na ukimuuliza atakwambia kwa moyo mweupe kwamba yeye haongezi sukari kwenye chai.

Ndiyo sababu ushauri wangu wa kwanza hauhusu aina ya sukari. Pikeni chai bila sukari, wekeni bakuli na kijiko mezani, kila mtu akoroge yake. Mwenye kisukari, mtoto, mama mjamzito na kijana anayetoka mjengoni wote watakunywa sufuria moja bila ugomvi. Mama wa kibanda nilimwomba ajaribu. Alihofu kwamba wateja wangejimwagia, na kweli wapo wanaotia vijiko vinne mpaka leo. Lakini sukari iliyokuwa ikimwishia kwa siku tatu sasa humfikisha siku ya tano, na jambo hilo lilimshawishi kuliko maneno yangu yote.

Nimejaribu kupunguza, chai ikawa kama maji ya moto. Nifanyeje?

Ulikata ghafla. Kama unatia vijiko vitatu, shuka hadi viwili na nusu, kaa hapo wiki moja au mbili, kisha ushuke tena. Ulimi huzoea polepole, na ukishazoea, ile chai yako ya zamani utaiona imekolea kupita kiasi.

Yapo mambo mawili ya jikoni yanayosaidia sana. La kwanza ni viungo: iliki na mdalasini vina harufu ambayo ulimi huihusisha na vitu vitamu, kwa hiyo chai yenye viungo hivyo haidai sukari nyingi. Tangawizi haifanyi hivyo. Ule ukali wake ndio humfanya mtu anyooshe mkono kwenye bakuli. La pili ni majani. Wengi wetu huyachemsha mpaka chai inakuwa nyeusi tititi, na uchungu ule ndio unaoita sukari. Kwa chai ya rangi, ile strungi, chemsha maji, epua, tia majani, funika kwa dakika tatu, chuja. Onja kabla ya kutia chochote. Watu wengi hushangaa.

Asali, sukari ya kahawia na sukari nguru si bora kuliko sukari nyeupe?

Kwa mwili, tofauti ni ndogo mno. Sukari ya kahawia ni sukari ile ile iliyobaki na molasi kidogo. Sukari nguru ina madini kiasi, lakini kuyapata kwa kiwango cha maana ungelazimika kula nguru nyingi kiasi cha kujidhuru. Asali nayo ni sukari kwa takriban asilimia 80. Tena ni nzito: kijiko kimoja cha asali kina uzito wa gramu 7 hivi, na karibu 6 kati ya hizo ni sukari. Kwa hiyo anayebadilisha kijiko cha sukari kwa kijiko cha asali anajiongezea, hajipunguzii.

Asali ya Baringo au ya Kitui naipenda mwenyewe kwa ladha yake, na sioni ubaya mtu kuitumia badala ya sukari mradi aipime kama sukari. Kinachonisumbua ni mgonjwa wa kisukari aliyeambiwa na jirani kwamba asali haipandishi sukari ya damu. Inapandisha.

Tende zina sukari nyingi pia, ila ukizila nzima unapata na nyuzinyuzi zake. Mbili tatu wakati wa kufuturu hazina neno kwa mtu mwenye afya.

Vibadala vya sukari ni salama? Nimesikia vinaleta saratani.

Hili ndilo swali linaloulizwa kwa hofu kubwa zaidi, kwa hiyo nitalijibu polepole.

Vibadala, yaani vitu vinavyotia utamu bila sukari, si vitu vya jana. Sakarini iligunduliwa mwaka 1879, aspatemi mwaka 1965, sukralosi mwaka 1976. Vina utamu mkali: aspatemi ni tamu mara 200 hivi kuliko sukari, sukralosi mara 600 hivi. Kwa hiyo chembe tu hutosha, na nishati inayopatikana ni kama hakuna.

Sakarini ilishukiwa katika miaka ya 1970 baada ya panya waliolishwa kwa wingi kupata saratani ya kibofu. Baadaye ikabainika kwamba njia iliyowaletea panya madhara hayo haipo kwa binadamu, na mwaka 1999 shirika la WHO la utafiti wa saratani likaiondoa katika kundi la vitu vinavyoshukiwa. Mwezi Julai 2023 shirika hilo hilo likaiweka aspatemi katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani, kundi linalotumika pale ushahidi ni hafifu. Wakati huo huo kamati ya wataalamu wa viongezwa vya chakula ikaacha kiwango cha zamani kama kilivyokuwa: miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Mtu wa kilo 70 angelazimika kunywa zaidi ya makopo 9 hadi 14 ya soda isiyo na sukari kwa siku moja ndipo akipite.

Kwa hiyo anayekunywa kopo moja mara moja moja sina la kumtisha. Ila kuna jambo la pili, na mimi naliona zito zaidi. Mwezi Mei 2023 WHO ilishauri watu wasitegemee vibadala ili kupunguza uzito, kwa sababu kwa muda mrefu havijaonyesha faida hiyo. Nayaona hayo kwa watu ninaowashauri. Anayehamia kwenye vibadala bila kupunguza utamu wenyewe hubaki na ulimi ule ule, na siku kibadala kikiisha dukani anarudi kwenye vijiko vyake vinne. Kibadala nakichukua kama mkongojo: umtumikie mtu anapojifunza kutembea, halafu auweke kando. Ushauri ule wa WHO haukuwalenga watu ambao tayari wana kisukari. Hao wanaweza kuvitumia, wakielewana na daktari wao.

Mambo madogo ya kukumbuka: aspatemi hupoteza utamu ikichemshwa, kwa hiyo itie kikombeni. Watu wachache wanaozaliwa na maradhi ya fenilketonuria, ambayo mwili hushindwa kuvunja sehemu moja ya protini iliyomo pia katika aspatemi, hawapaswi kuigusa kabisa. Ksilitoli na sorbitoli, ambazo pia ni vibadala, zikizidi hujaza tumbo gesi na kuharisha. Na kama mna mbwa nyumbani, ksilitoli ni sumu kwake, hata kiasi kidogo.

Stevia si majani tu?

Ni mmea wa asili ya Paraguay, na hapa kwetu umewahi kulimwa Kericho. Lakini kilichopimwa na kukubaliwa kimataifa ni dondoo iliyosafishwa, si jani bichi la kuchovya kikombeni. Pindua pakiti usome: nyingi zimechanganywa na dekstrosi au maltodekstrini ili zipate ujazo, na hizo hupandisha sukari ya damu. Wengine hawapendi ule uchungu unaobaki mwishoni mwa ulimi. Usijilazimishe.

Nina kisukari. Nikinywa soda ya ziro tu, niko salama?

Kwa siku za kawaida haitakupandishia sukari, ingawa meno yako bado yataoga asidi. Ila jueni jambo hili nyumbani kwenu, kwa sababu linaokoa maisha. Mtu anayetumia insulini au baadhi ya vidonge, sukari yake ya damu inaweza kushuka mno: anatetemeka, jasho jembamba linamtoka, anaona njaa kali, anaongea mambo yasiyoeleweka. Wakati huo soda ya ziro haina msaada wowote. Anahitaji sukari halisi, gramu 15 hivi: vijiko vitatu hadi vinne vikorogwe katika maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida. Subirini dakika 15, mpimeni tena, na kama bado iko chini, rudieni. Akishapata nafuu ale chakula. Akipoteza fahamu, msimtie kitu chochote mdomoni, mkimbizeni hospitalini.

Juisi ya matunda niliyokamua mwenyewe haina ubaya, ama?

Ina vitamini, na ina sukari. Glasi moja ya juisi ya machungwa hutoka kwenye machungwa matatu au manne, na ina zaidi ya gramu 20 za sukari, yaani vijiko vitano au zaidi. Ni nani huketi akala machungwa manne mfululizo? Nyuzinyuzi ambazo zingekushibisha na kuichelewesha sukari zimebaki kwenye chujio. Kula tunda. Ukitaka juisi, izimue: sehemu moja ya juisi ya pasheni au ukwaju kwa sehemu mbili za maji, bila kuongeza sukari.

Juisi ya miwa inayokamuliwa kando ya barabara kwa ndimu na tangawizi ni burudani kweli, hasa jua la Januari likiwaka. Ihesabu kama soda. Ina zaidi ya gramu 10 za sukari kwa kila mililita 100. Na kabla ya kulipa, angalia mashine imeoshwaje na barafu imetoka wapi.

Mgeni akija, kumpa maji ni kama kumfukuza. Nifanye nini?

Naelewa. Kwetu pia soda ilikuwa heshima ya mgeni, na watoto tuliisubiri ibaki chupani. Lakini tazama hesabu. Soda ya kola ya mililita 300 ina gramu 32 hivi za sukari, vijiko 8. Ile ya nusu lita ina gramu 53, vijiko 13. Katika vikao vyetu mimi huchukua kisahani cheupe na kuvimwaga vijiko hivyo kimoja kimoja, watu wakihesabu kwa sauti. Wakifika cha tisa sauti huanza kupungua. Siku moja mama mmoja alisema nimehesabu vibaya, nikampa kijiko ahesabu mwenyewe. Alifika 13, akakitazama kile kichuguu kwa muda, kisha akauliza, "Na hii mimi humwekea mtoto kwenye mkoba wa shule?"

Mgeni hujali zaidi jinsi ulivyompokea. Andaa jagi la maji baridi yenye vipande vya ndimu na majani ya mnanaa, glasi safi juu ya sinia, na chai yenye iliki itakayofuata pamoja na bakuli lake la sukari. Sijaona mgeni aliyekasirika. Kama lazima pawe na soda, nunua chupa ndogo.

Watoto je?

Chini ya miaka miwili asipewe soda, wala juisi iliyotiwa sukari, wala vinywaji vyenye vibadala. Asali usimpe kabisa kabla hajatimiza mwaka mmoja, hata tone la kumlambisha kwa kikohozi. Inaweza kubeba vijidudu vinavyoleta botulizimu, ambayo kwa mtoto mchanga ni hatari. Chai pia si kinywaji cha mtoto mdogo. Uji wa wimbi uliochachushwa una ladha yake nzuri, na mtoto ambaye hajawahi kuonjeshwa wenye sukari hawezi kuidai. Maziwa lala yasiyotiwa ladha ni mazuri vilevile. Ile mtindi ya rangi ya waridi ya supamaketi mara nyingi imetiwa sukari, soma lebo.

Mtoto anaharisha. Nimpe soda iliyotolewa gesi?

Hapana. Soda ina sukari nyingi mno na chumvi kidogo mno, na inaweza kuongeza kuhara. Mpe ORS ya pakiti, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, pamoja na zinki kutoka zahanati au duka la dawa. Kama pakiti haipo karibu, lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vimesawazishwa. Hapa sukari ni dawa: ndiyo inayoisaidia chumvi kupenya ukuta wa utumbo na kuvuta maji. Kwa hiyo usitie kibadala badala yake. Mchanganyiko uliokaa saa 24, umwage.

Nisome nini kwenye lebo?

Viambato hupangwa kwa uzito, kilicho kingi kikitangulia. Sukari ikiwa ya pili baada ya maji, umeshaelewa. Maneno yenye mkia wa "ose" mara nyingi huwa ni sukari, ila sukralosi imevaa mkia huo na ni kibadala. Vibadala huandikwa pia kwa namba: 950 ni asesulfemi, 951 aspatemi, 952 saiklameti, 954 sakarini, 955 sukralosi, 960 stevia. Vipo vinywaji vinavyochanganya sukari na vibadala pamoja, kwa hiyo soma mpaka mwisho. Na angalia kama kiwango cha sukari kimetolewa kwa mililita 100 au kwa chupa nzima. Hapo ndipo wengi hudanganyika.

Vinywaji vya kuongeza nguvu?

Kopo la mililita 250 huwa na sukari kama ya soda, na kafeini juu yake. Watoto na wajawazito waviache. Dereva anayeendesha usiku anahitaji usingizi.

Na madafu?

Mazuri, sukari yake ni kidogo kuliko ya juisi. Ila yana potasiamu nyingi, kwa hiyo mwenye ugonjwa wa figo aulize kwanza.

Maji yetu ni ya kisima kilichochimbwa kwa mashine. Nikichemsha, yametosha?

Kuchemsha huua vijidudu. Lakini sehemu nyingi za Nairobi maji ya chini ya ardhi yana floridi nyingi, na kuchemsha hakuiondoi. Huizidisha, kwa kuwa maji hupungua na floridi hubaki. Kiwango cha WHO ni miligramu 1.5 kwa lita. Kwa watoto ambao meno yao bado yanajijenga, floridi ikizidi huacha madoa ya kahawia yasiyofutika. Mwulize mwenye nyumba au mwuza maji matokeo ya kipimo cha maabara. Maji ya mfereji yanayotoka mabwawa ya Ndakaini na Sasumua ni ya mvua na mito ya Aberdare, hayana shida hiyo, ila mtungi wa mkokoteni huwezi kujua ulijazwa wapi. Kama mna maji ya aina mbili, yale yenye floridi kidogo yawekeeni watoto ya kunywa na kupikia, mengine yafue nguo.

Kunywa chai pamoja na chakula kuna ubaya?

Tanini za chai huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo katika maharagwe, sukuma wiki na wimbi. Kwa mjamzito au mtu aliyepungukiwa damu, chai isubiri saa moja baada ya chakula. Kamulia ndimu kwenye mboga. Vitamini C yake husaidia chuma kuingia.

Mzee wetu ana kisukari na amekataa kubadilika. Tumfichie sukari?

Msimfichie. Baba yangu tulimfichia bakuli mwezi mzima, naye akawa anavuka kwenda kunywa chai kwa jirani, mahali ambapo hakuna aliyehesabu. Tukamrudishia bakuli lake, tukampikia chai yenye iliki na maziwa mazito, tukamnunulia kipimo cha sukari ya damu na kumwonyesha namna ya kukitumia. Alianza kupima mwenyewe baada ya kila kikombe, akiandika namba kwenye kalenda ya ukutani. Ilimchukua karibu mwaka kushuka kutoka vijiko vinne hadi kimoja. Kile kimoja bado anakitia kila asubuhi, na kabla ya kukikoroga hukisawazisha kwa kidole.